Wachunga Ng'ombe wa Picha za Zamani

Jioni moja hapa Mlandizi nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Morogoro, nikingoja kundi la ng'ombe lipite. Mchungaji wao alikuwa Mmasai, naye alikuwa na fimbo tu mkononi. Mara akatoka kijana mmoja wa shule katika banda la picha, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akaniuliza, "Hivi huko Marekani wachunga ng'ombe wote walikuwa Wazungu?" Barabarani sikuweza kumjibu sawasawa, basi namjibu hapa.

Picha za namna ile zilianza zamani, sinema ilipokuwa haijapata sauti. Moja iliyosifika mno ilitengenezwa mwaka 1903, ikionyesha wanyang'anyi wa gari moshi. Katika nyingi za picha hizo shujaa ni Mzungu juu ya farasi. Wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwa wakiitwa Wahindi Wekundu, walionekana wakipiga mayowe na kuanguka, na mara nyingi hata hao walikuwa Wazungu waliopakwa rangi. Mtu mweusi hakuonekana kabisa, au alikuwa mtumishi wa kuchekesha watu.

Lakini mambo yenyewe hayakuwa hivyo. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa baada ya vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865, mmoja katika kila wachunga ng'ombe wanne alikuwa mtu mweusi; na wengine wengi walikuwa watu wa Mexico, ambao ndio waliowafundisha Wazungu kazi ya kamba na farasi. Wachache walipenya hata katika sinema. Lillian St. Cyr, binti wa kabila la Ho-Chunk aliyejulikana kwa jina la Red Wing, aliigiza katika picha kubwa ya mwaka 1914. Naye Bill Pickett, mtu mweusi wa Texas, aliyekuwa akimrukia fahali kutoka juu ya farasi, akimshika pembe na kumwangusha, alipigwa picha katika miaka ya kwanza ya 1920. Picha yake ilitengenezwa hasa kwa watazamaji weusi.

Sasa nije kwetu, maana jambo hili lilifika Afrika Mashariki mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais, alishuka Mombasa kuja kuwinda. Bwana Selig wa Chicago, mtengenezaji wa picha, hakupata nafasi ya kufuatana naye. Akanunua simba mzee, akajenga pori katika kiwanja chake, akatafuta mtu wa kufanana na Roosevelt, na watu weusi wa Chicago akawafanya wapagazi wetu. Simba akapigwa risasi mbele ya mashine. Watu wengi walioitazama picha ile waliamini kuwa wameiona Afrika.

Mwaka uliofuata wakaja wachunga ng'ombe wa kweli. Mzee Charles Jones, aliyeitwa Buffalo Jones, alikuja Kenya na vijana wawili, Loveless na Means, pamoja na farasi na mbwa wa kwao, wakawakamata kwa kitanzi cha kamba kifaru, twiga, hata simba jike. Cherry Kearton, Mwingereza, aliwapiga picha. Majina ya hao wanne mtu huyapata upesi vitabuni. Ya wapagazi waliobeba mizigo yao, wakiwapikia na kuwatekea maji, huyapata kwa taabu, ingawa pasipo wao ile mashine isingefika porini.

Mwaka 1935 hali ilibadilika kidogo. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara, palianzishwa kazi ya kutengeneza picha kwa ajili ya Waafrika. Picha 35 zilitengenezwa katika muda wa miaka miwili, na sauti ilitiwa mbali, katika sahani za santuri. Wakubwa wa kazi walikuwa Wazungu, nao ndio waliochagua la kufundishwa. Lakini waigizaji wengi walikuwa watu wa nchi hii. Zilizosalia ni chache mno. Moja ni ya mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro, katika barabara hii hii yetu.

Hilo la Kingolwira ndilo pekee nililowahi kumwambia kijana yule, kwani ng'ombe walikuwa wamekwisha kupita na daladala lake lilikuwa likiondoka.