Mdalasini: Mti wa China Katika Milima ya Uluguru

Ndugu msomaji, gome la mdalasini utakalolitia katika pilau ya Ijumaa huenda limetoka Kinole au Mkuyuni, katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Huko pepo za Bahari ya Hindi hupanda mlimani zikamwaga mvua, na Waluguru hupanda mdalasini pamoja na karafuu, pilipili manga na migomba. Umezoeleka hata mtu hudhani ni mti wa hapo tangu asili. Lakini lisikilize jina lake. Waajemi waliuita dar chini, yaani mti wa China. Waarabu wakasema darsini. Nasi watu wa mwambao tukaongeza ile “m” ya miti yetu, ikawa mdalasini. Basi kila mama anayemtuma mtoto dukani kununua mdalasini huitaja China bila ya kukusudia.

Wachina waliutumia kwa dawa tangu zamani sana. Katika kitabu cha homa kilichotokana na tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mnamo mwaka 200 Miladi, dawa ya mwanzo ni mchemsho wa vijiti vya mdalasini pamoja na tangawizi na vitu vinginevyo. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuweka miongoni mwa dawa za kitabu chake Al-Qanun.

Amma Wayunani, wao walipata ngano tu. Herodotus aliandika kwamba ndege wakubwa wa Bara Arabu hujengea viota vyao vijiti vya mdalasini juu ya majabali, na watu huwawekea mapande mazito ya nyama ili viota vielemewe na kuanguka. Pliny wa Roma alizikataa khabari hizi, akasema zimetungwa ili bei ipande. Nami naona alisema kweli. Mfanyabiashara hapendi mnunuzi ajue kisima kilipo. Ibn Battuta hakuhitaji ndege. Alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na mwaka 1344 akafika Ceylon, akaona kwa macho yake mdalasini umelala ufukoni umeletwa na mafuriko, na watu wa Malabar wakiuchukua bila ya kulipa ila zawadi ya nguo kwa sultani.

Kwa hivyo mdalasini una namna mbili kuu, wa China na wa Ceylon, na tofauti yake tutaiona.

Mwaka 1834 Wafaransa wawili, Dumas na Péligot, walikitenga kiini kinachoupa mdalasini harufu yake, kiitwacho sinamaldehaidi. Mwaka 1887 Chamberland, msaidizi wa Pasteur, aliujaribu mvuke wa mafuta ya mimea juu ya vijidudu vya kimeta, na mafuta ya mdalasini yakawa miongoni mwa yaliyo makali. Tangu hapo maabara nyingi zimeona kwamba kiini hiki huzuia bakteria wa majipu, wa kuharisha, na hata wa homa ya matumbo. Huharibu utando wa bakteria, vilivyomo ndani vikavuja na nguvu yake ikakatika. Majani ya mdalasini wa Ceylon nayo yana yujenoli, kile kile kilichomo katika karafuu.

Walakini, ndugu yangu, kisahani cha maabara si tumbo la mtoto. Kisahanini mafuta hukutana na bakteria ana kwa ana. Ukiyameza, mwili hukigeuza kiini kile upesi kikawa kitu kingine, na kinachobaki katika damu hakitoshi kuua maradhi. Mtoto mwenye homa ya matumbo akiwekwa nyumbani siku nyingi kwa chai ya mdalasini, utumbo waweza kutoboka. Mpeleke hospitali, na chai anywe akishapona. Tena wako wauzaji wanaosema ni dawa ya Mtume (S.A.W.). Kafuri na tangawizi zimetajwa katika Suratul Insan, mdalasini haukutajwa katika Qur'ani. Na mwenye kudai hadithi, ailete pamoja na isnadi yake. Kumzulia Mtume ili kuuza pakiti ya unga ni jambo zito.

Tena lipo la kipimo. Mdalasini wa China una kumarini nyingi, ambayo ikizidi hudhuru ini. Mwaka 2004 wataalamu wa chakula wa Ulaya waliweka mpaka wa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, kijiko kimoja cha chai cha unga wa mdalasini huo chaweza kuufikia mpaka. Wa Ceylon una kumarini kidogo mno, nao ndio ulioenea mashambani kwetu. Katika pilau hapana khofu. Khofu ni kwa anayeukoroga kila asubuhi kama dawa. Nunua gome, usinunue unga: la China ni nene, gumu, limejikunja mkunjo mmoja, la Ceylon likiandaliwa vizuri ni tabaka nyembamba kama karatasi, na huvunjika kwa vidole.

Na mkulima wetu? Huko Ceylon shina hukatwa karibu na ardhi, kisiki kikachipua, na baada ya miaka miwili hivi machipukizi huvunwa. Anayeubambua mti uliosimama, akalizunguka shina lote, huvuna mara moja tu, kisha mti hukauka na mteremko ukabaki wazi kwa mvua. Na maji ya miteremko ile huingia Mto Ruvu, unaonywewa Dar es Salaam.