Donge Litokalo Moyoni

Enzi Barabara ya Jogoo jijini Nairobi ikiitwa Doonholm Road, na Donholm yenyewe ikiwa bado shamba la mlowezi, mguu uliokufa ganzi ghafla, ukapauka na kupoa, aghalabu uliishia kukatwa.

Chanzo mara nyingi hakikuwa mguuni. Katika karne ya 19, Mjerumani Rudolf Virchow alionyesha kwamba donge la damu huweza kung'oka lilikoganda, likachukuliwa na mkondo na kuziba mshipa wa mbali. Mwanafunzi wake, Julius Cohnheim, akaeleza mwaka 1877 jinsi donge la vena linavyoweza kupenya tundu la moyo na kuingia kwenye ateri.

Huku kwetu, la kuogopwa zaidi ni mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Huzaa homa ya rumatiki, nayo huacha makovu kwenye vali za moyo. Vali ikibana, chumba cha juu cha kushoto hutanuka, mapigo huvurugika, damu hutuama humo na kuganda, na donge hilo likimeguka huweza kusukumwa hadi mguuni.

Nusura ilitoka Cincinnati, Marekani. Thomas Fogarty alikata ncha ya kidole cha glavu ya mpira, akaifunga kwenye mrija mwembamba kwa fundo la wavuvi. Mrija hupenyezwa kupitia chale ndogo kinenani hadi uvuke donge, kiputo hicho cha mpira kikajazwa maji, kisha ukavutwa polepole na donge likatoka nao. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo mwaka 1961.

Lakini misuli ya mguu huvumilia kukosa damu kwa muda wa saa sita hivi tu. Inaniuma kufikiria mtu wa mitaa ya Savannah au Phase 8, kule Donholm, akikandwa kwa maji moto nyumbani, ikidhaniwa ni baridi tu, kisha akwame kwenye msongamano wa Barabara ya Outering akielekea Hospitali ya Kenyatta.

Kuzuia donge lisirudi, kuna warfarin, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 na kuruhusiwa kwa binadamu 1954. Mwaka 2022, utafiti wa INVICTUS uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki na mapigo yaliyovurugika, Afrika ikiwemo, ulionyesha kuwa waliotumia warfarin walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroxaban, dawa mpya zaidi. Ila warfarin hutaka damu ipimwe mara kwa mara, na sukuma wiki ina vitamini K nyingi inayopunguza makali yake. Mgonjwa halazimiki kuiacha, mradi kiasi anachoteremshia ugali wake kisibadilikebadilike.