CONTRA: Gemu la Laifu Tatu Lililotesa Dunia Nzima

Haya wadau, leo tunaingia kwenye gemu ambalo ukilitaja popote vijana wanapocheza TV gemu, lazima mtu aruke na stori yake. Ni CONTRA ya Konami. Wengi wetu tumelicheza ila hatujui limetoka wapi, na mengine yanayosemwa mtaani siyo kweli.

Contra lilitoka Japan mwaka 1987, likiwa gemu la yale makabati makubwa ya kutumbukiza sarafu. Mwaka uliofuata, 1988, Konami wakalihamishia kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo, ile inayoitwa Famicom kule Japan na NES kule Marekani. Hilo la nyumbani ndilo lililoiteka dunia. Na hapa nasema wazi, la nyumbani ni bora kuliko la kabati. Limepangwa vizuri, lina leveli 8, na kuruka kwake kunatii kidole.

Uchezaji wake ni mchanganyiko wa vitu viwili. Kuna kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine kama Mario, halafu kuna kumimina risasi huku skrini inasogea. Unapiga mbele, juu, na kwa mshazari. Ukiguswa na risasi moja tu, umedondoka. Hakuna mstari wa damu unaopungua taratibu. Una laifu tatu, na zikiisha unaruhusiwa kuendelea mara chache, basi.

Wahusika ni Bill Rizer na Lance Bean. Kwenye NES wa suruali ya bluu ni Bill, wa nyekundu ni Lance. Stori yenyewe inategemea umenunua gemu wapi. Kwa Wajapani mambo yanatokea mwaka 2633 kwenye visiwa vya Galuga, na adui anaitwa Red Falcon. Kitabu cha Marekani kikabadilisha kila kitu, eti mwaka 1957 kitu kutoka angani kilianguka bonde la Amazon, karibu na magofu ya mji wa Wamaya. Jamani, Wamaya walikuwa Meksiko na Guatemala! Aliyeandika hakufungua ramani.

Ulaya ndiyo kichekesho zaidi. Ujerumani ilikuwa mkali sana kwa magemu ya vita, kwa hiyo Konami wakawatoa binadamu wakaweka maroboti, wakaliita Probotector, mwaka 1990. Leveli zile zile, risasi zile zile, ila anayekufa ni chuma.

Sasa tuje kwenye ubishi mkubwa: ile kodi. Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, halafu Start. Unapewa laifu 30. Watu wanadhani ilizaliwa Contra. Hapana. Aliyeitunga ni Kazuhisa Hashimoto, mtengeneza gemu wa Konami, aliyekuwa analihamisha gemu la Gradius kwenda Famicom mwaka 1986. Gradius lilikuwa linamshinda mwenyewe wakati wa kulijaribu, ndiyo akajiwekea njia ya mkato. Contra liliipa umaarufu tu. Hashimoto alifariki mwaka 2020.

Je, ukimaliza kwa laifu 30 umemaliza kweli? Mimi nasema hapana, na najua nitatukanwa hapo chini. Utamu wa Contra ni kuishika leveli kichwani mpaka ujue askari anatokea upande gani. Ukiwa na laifu 30 unapita tu kama basi la mkoani, husomi kitu.

Kwa wanaotaka kulimaliza kiume, na kike vilevile, haya yanasaidia:

Bunduki yenye herufi S ndiyo mfalme. Inatoa risasi tano zilizotawanyika kama upepeo. Ukiipata usibadilishe kwa tamaa. Hasa L iogope: ni kali, lakini ukibonyeza tena kabla mwale haujafika, ule wa kwanza unapotea. Ukifa unaipoteza silaha, unarudi na bunduki ya kawaida, na hapo ndipo wengi wanamalizwa mfululizo.

Leveli ya kwanza kuna maji. Ukiwa ndani ya maji bonyeza chini, unazama, risasi zinapita juu yako. Madaraja yanalipuka, usisimame kuyashangaa.

Leveli ya tatu, ya maporomoko, skrini inapanda juu. Mkiwa wawili na mmoja ana haraka, aliyebaki chini anakufa bila hata kuguswa na adui. Urafiki mwingi umeingia doa hapo. Kubalianeni kabla ni nani anaongoza.

Sehemu za ndani ya ngome mnaonekana kwa nyuma. Hapo lala chini mara kwa mara na upige taa za ukutani.

Kuhusu zile kaseti za magemu mengi ndani ya moja: zilikuwa za kuiga, na mashine zake zilikuwa za kuiga Famicom. Zilienea Asia, Ulaya Mashariki na Afrika, na Contra lilikuwemo kwenye nyingi. Konami hawakuona senti hapo, lakini bila hizo wengi wasingelijua jina hili. Nyie mnaionaje hiyo, ni wizi au ni msaada?

Anayetaka jipya, mwaka 2024 lilitoka Contra: Operation Galuga, lililotengenezwa na WayForward. Wamerudia stori ya visiwa ile ya Kijapani, na unaweza kuchagua uwe na mstari wa damu au ufe kwa risasi moja kama zamani.