Sanduku la Majina Mawili

Mwanzoni mwa mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, watu wachache walikuwa wakijaza masanduku kwa mikono yao. Masanduku yenyewe yalikuwa ya karatasi ngumu, yamevishwa karatasi nyingine yenye michirizi mfano wa mbao. Ndani ya kila moja viliwekwa vijitabu vitatu vyembamba pamoja na kurasa za majedwali, na juu ya kifuniko ikabandikwa lebo. Bei ilikuwa dola 10, na chapa ya kwanza ilikuwa ya nakala 1,000 tu. Hivyo ndivyo Dungeons & Dragons, mchezo uliozaa ukoo mzima wa michezo ya masimulizi, ulivyoingia duniani.

Mchezo huo hauhitaji ubao wala kete. Wachezaji huizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi, akaeleza pango, mlango au dubwana lililo mbele yao, na kila mwenzake huvaa nafsi ya shujaa na kusema atakalotenda. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa. Basi sehemu kubwa ya mchezo ni maneno yatamkwayo, na maneno hayo hayatiwi sandukuni. Kilichotiwa ni kile kilichoweza kuandikwa, yaani kanuni.

Tofauti hiyo baina ya kilichosemwa na kilichoandikwa ilikuwamo tangu asili ya mchezo. Dave Arneson aliendesha masimulizi ya Blackmoor huko Minnesota kuanzia mwaka 1971, akibuni kanuni kadiri wachezaji wake walivyozihitaji. Mwishoni mwa mwaka 1972 alikwenda Lake Geneva akamwonyesha Gary Gygax mchezo huo, si kwa kumsomea bali kwa kumchezesha. Gygax, aliyekuwa amekwisha kutunga kanuni za michezo ya vita, akamwomba madokezo yake, akayapanua, akayaandika yakawa vijitabu. Mmoja alitangulia kwa kinywa, mwingine akafuatia kwa kalamu, na sanduku likatoka na majina ya wote wawili.

Dadu nazo zilikuwa na kisa chao. Vijitabu vilitaka, mbali na dadu ya nyuso 6 iliyozoeleka, zile za nyuso 4, 8, 12 na 20, ambazo dukani zilikuwa adimu. Sanduku la kwanza halikuwa nazo. Zilinunuliwa kando, zikitoka kwa muuzaji wa vifaa vya shule wa California ambaye aliziuza kwa ajili ya kufundishia hesabu. Sanduku la wanaoanza la mwaka 1977, lililohaririwa na J. Eric Holmes, ndilo lililotiwa dadu ndani. Zilipoadimika mwaka 1979, mahali pake vikawekwa vipande vya karatasi ngumu vyenye nambari, ambavyo mchezaji alivikata, akavitia kikombeni na kuchomoa kimoja bila ya kutazama. Na dadu zilizopatikana zilikuwa za plastiki laini. Pembe zikalika kwa kurushwa, hata ile ya nyuso 20 ikakaribia kuwa gololi.

Wakati huohuo mchezo ulianza kutoka sandukuni. Kati ya mwaka 1977 na 1979 vilichapishwa vitabu vitatu vikubwa vya jalada gumu: Monster Manual, Players Handbook na Dungeon Masters Guide. Vitabu hivyo havikuja na sanduku, wala vile vijisanduku vya awali visingevitosha. Mchezaji aliyekuwa akibeba mchezo mzima kwapani sasa alihitaji mkoba wa vitabu na kifuko cha dadu.

Lakini mzigo haukuongezeka uzito tu, ulipunguka jina. Majalada hayo yalimtaja Gygax peke yake kuwa mwandishi. Kampuni ilishikilia kwamba hiyo ilikuwa kazi nyingine, si ule mchezo wa sandukuni. Arneson alifungua kesi mwaka 1979 kudai malipo na kutambuliwa, na pande mbili zikapatana mwaka 1981. Ni kweli kwamba Gygax ndiye aliyeviandika vitabu hivyo, na bila ya kalamu yake huenda Blackmoor ingebaki kuwa mazungumzo ya marafiki. Lakini wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliyebuni kwa ulimi ana sehemu yake, hata kama mkono ulioandika si wake.

Gygax alifariki mwaka 2008, na Arneson mwaka 2009. Masanduku machache ya mwaka 1974 yaliyosalia hutafutwa sana na wakusanyaji wa vitu vya kale. Maneno yaliyosemwa Lake Geneva mwishoni mwa mwaka 1972 hayamo ndani yake, kwani hakuna aliyeweza kuyafungasha. Juu ya kifuniko, hata hivyo, lebo ingalipo, na waliotajwa ni wawili.