Mbinu za Mwalimu na Mikakati ya Mwanafunzi: Suala la Istilahi katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Katika vyuo vya ualimu vya Tanzania neno "mbinu" limezoeleka sana. Mwanachuo husoma mbinu za kufundishia, hutahiniwa katika mbinu za kufundishia, na hukaguliwa darasani kwa mbinu hizo hizo. Lakini mambo ayafanyayo mwanafunzi mwenyewe ili aimudu lugha ngeni hayajapata jina lililo imara. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kutazama Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, jinsi upungufu huo ulivyotokea na kwa nini yafaa uondolewe.

Mwambao huu ni wa lugha nyingi: Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza, Kihaya, Kikuria, Kijaluo na nyinginezo. Mtoto wa Kisukuma aanzapo shule hugundua kwamba "munhu" na "banhu" wa nyumbani ndio "mtu" na "watu" wa darasani. Bila kuelekezwa, hulinganisha, naye huvuka upesi. Mtoto wa Kijaluo, ambaye lugha yake si ya Kibantu, hana daraja hilo. Yeye hutegemea zaidi kusikiliza, kukisia na kuuliza wenzake. Wote wawili hujifunza lugha ya pili kabla Kiingereza hakijawa mzigo wao. Hata Aniceti Kitereza wa Ukerewe (1896–1981), aliyepata masomo yake katika seminari ya Rubya, alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ni dhahiri basi kwamba ujuzi wa kutoka lugha moja hadi nyingine si mgeni katika nchi hii. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mtoto kwamba anao ujuzi huo.

Sababu moja imo katika historia ya shule zetu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika elimu yote ya msingi, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa Sheria Na. 27. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji ulio katika mwambao huu huu, ikaazimia kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1977. Walimu walikuwa haba. Vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa madarasa, wakawa wanafundisha huku wakisomea ualimu kwa posta, kwa redio na kwa mafunzo ya ana kwa ana. Hapana shaka kwamba kazi hiyo ilikuwa kubwa. Lakini kijana wa namna hiyo, akisimama mbele ya darasa lililofurika, alihitaji kwanza kujua yeye atasema nini. Hivyo mbinu ikabaki kuwa mali ya mwalimu, na mwanafunzi akabaki kukariri.

Wakati huo huo wataalamu wa ng'ambo walikuwa wakigeukia upande wa pili. Mwaka 1975 Joan Rubin, wa Marekani, alieleza sifa za mwanafunzi hodari wa lugha: hukisia bila woga, hutafuta nafasi ya kuzungumza, huchunguza muundo wa maneno, na hujisahihisha. Mwaka 1990 Rebecca Oxford aliyapanga mambo hayo katika mafungu sita, ambayo twaweza kuyaita ya kumbukumbu, ya utambuzi, ya fidia, ya kujiongoza, ya hisia na ya kijamii.

Kwetu suala hili si la anasa. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike pia katika shule za sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na W. A. Dodd walibainisha kwamba Kiingereza cha wanafunzi walio wengi wa sekondari hakikutosha kuwa chombo cha kujifunzia. Mradi wa kuimarisha Kiingereza, ulioanza 1987 kwa msaada wa Uingereza, ulipeleka shuleni vitabu vya kusoma vilivyorahisishwa. Hata hivyo, kijana wa shule ya kawaida ya serikali bado humaliza darasa la saba kwa Kiswahili, na miezi michache baadaye hukuta biolojia na historia katika Kiingereza. Asiyejua namna ya kujifunza lugha huachwa nyuma katika masomo yote.

Turudi kwenye istilahi. Kitenzi "kufundishia" humtazama mtendaji mmoja, yaani mwalimu. Lakini "kujifunza" kinabeba ndani yake kiambishi "-ji-", ambacho humfanya mtu awe mwalimu wa nafsi yake. Lugha yetu ilikuwa imekwisha kusema jambo ambalo vyuo vililisahau. Kwa hiyo twapendekeza kwamba "mbinu" iwe tendo moja mahsusi, kama kukisia maana ya neno kutokana na sentensi nzima. Na "mkakati" uwe mpango ambao mwanafunzi huuchagua kwa kujua lengo lake. Tukisema "mikakati ya kujifunza lugha", mwenye mikakati ni mwanafunzi.

Mwanachuo wa Butimba, au wa Murutunguru kule Ukerewe, afundishwe kuipitisha mikakati hiyo kwa hatua tatu. Kwanza, asome kifungu mbele ya darasa na kusema wazi jinsi anavyofikiri anapokwama. Pili, awaachie wanafunzi wajaribu wawili wawili. Tatu, awaulize ni mkakati upi uliowafaa na upi uliowapotosha. Maana ulinganishaji uliomvusha Msukuma hadi Kiswahili hautamvusha daima hadi Kiingereza, lugha isiyo na ngeli.

Mwalimu hawezi kukusudia kufundisha kitu asichoweza kukitaja. Ndiyo maana kazi ya istilahi hii haiishii katika kamusi. Inamngoja kijana wa kidato cha kwanza, aliyekaa kimya mbele ya ukurasa asioulewa, ilhali ujuzi wa kuufungua tayari anao.