Shingo ya Bwana Alexander

Mwaka ule nilioacha chuo, kwaya ndiyo kitu pekee nilikuwa nimebaki nacho. Halafu sauti ikanitoka katikati ya ubeti wa pili. Mwalimu wa kwaya akasema niongeze nguvu. Nikaongeza. Wiki nzima nikaishi kwa kunong'ona kama mtu anayemkwepa mwenye nyumba.

Katika kutafuta dawa nikakutana na Frederick Matthias Alexander, mzaliwa wa Tasmania, 1869. Hakuwa mwimbaji. Alikuwa akighani Shakespeare jukwaani, enzi ambazo waigizaji hawakuwa na maikrofoni. Sauti ikaanza kukwaruza. Daktari akamshauri apumzike. Akapumzika, ikarudi, akapanda jukwaani, na kabla amalize ikawa imeenda tena. Basi akamuuliza daktari swali ambalo hata mimi ningeuliza: kama koo lilikuwa zima nikianza na limeharibika nikimaliza, si kuna kitu nafanya hapo katikati? Daktari akakubali. Kitu gani, hakujua.

Alexander akasimama mbele ya kioo. Akighani, aliona mambo matatu: anavuta kichwa nyuma, anakandamiza kikoromeo, na anavuta hewa kwa mdomo kwa kelele. Akiongea kawaida, yote yapo, ila kidogo kidogo. Akaanza kurekebisha. Akapeleka kichwa mbele, akahisi kabisa kimeenda mbele. Alipoongeza vioo viwili pembeni, lo! Kichwa kilikuwa kinarudi nyuma vilevile. Hapo ndipo nilipoacha kusoma nikashika shingo yangu. Jamaa alikuwa anadanganywa na mwili wake mwenyewe.

Dawa aliyoipata baada ya miaka ya kujitazama ilikuwa kungoja. Kabla ya kutoa neno, anausitisha ule msukumo wa kwanza, anaiachilia shingo, ndipo anaongea. Mwaka 1904 alihamia London, na waigizaji wakubwa kama Henry Irving wakaenda kwake. Hadi leo mbinu yake inafundishwa kwa waimbaji katika vyuo vya muziki, Royal College of Music ikiwemo. Nikolaas Tinbergen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kuchunguza tabia za wanyama, alitumia sehemu kubwa ya hotuba yake kumsifu.

Sasa ubaya. Katika kitabu chake cha kwanza, Man's Supreme Inheritance, Alexander anaandika kwamba nguvu zinazomwongoza mnyama wa miguu minne na zinazomwongoza mtu mweusi "mshenzi" ni karibu zilezile. Nilifunga simu. Huyu ndiye nimpe shingo yangu? Mtu aliyegundua kwamba hisia zake mwenyewe zinamdanganya hakufikiria hata siku moja kwamba na hiyo dharau yake ilihitaji kioo.

Siku tatu baadaye niliegemeza simu kwenye jagi la maji, nikajirekodi kwa upande nikiimba ule ubeti wa pili. Kidevu juu, kisogo kimekaribia mgongo. Na ningeapa mbele ya hakimu kwamba nilisimama wima.

Kwa hivyo nimechukua kioo chake, kitabu nimemwachia. Mazoezini siku hizi nangoja kidogo kabla ya kuingia, na kwa sababu hiyo mara nyingi naingia nimechelewa nusu mdundo. Mwalimu hajafurahi. Sauti, mpaka Jumapili iliyopita, ilikuwa bado ipo.