Kenya: Namna ya kumtambua chura wa misitu ya Taita

Katika mabaki ya misitu ya asili juu ya Milima ya Taita, kusini mashariki mwa Kenya, anaishi chura mdogo wa rangi ya kahawia asiyepatikana penginepo duniani. Jina lake la kisayansi ni Callulina dawida, lililotokana na Dawida, jina ambalo wenyeji huiitia milima yao.

Alitambulishwa rasmi mwaka 2009 na watafiti, akiwamo Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kabla ya hapo, spishi za jenasi hiyo zilizokuwa zimeelezwa rasmi zilitoka Tanzania. Miongoni mwa ndugu zake ni Callulina kisiwamsitu wa Usambara Magharibi, mwenye jina la Kiswahili. Undugu huo una sababu: Taita ni ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo sehemu yake kubwa imo Tanzania.

Mwonekano

Kiwiliwili chake ni kifupi na kinene, pua ni butu, miguu ni mifupi, na ngozi ya mgongo imejaa vijipele. Si mrukaji hodari. Mwendo wake ni wa polepole. Mchana hujificha chini ya magogo na majani makavu.

Katika majani hayo hayo huishi Arthroleptis xenodactyloides, chura mdogo zaidi. Huyu wa pili ana ngozi laini na umbo jembamba, na akiguswa huruka papo hapo. Kwa hiyo ngozi na mwendo ndizo alama za kwanza za kuwatofautisha.

Makazi

Kumtafuta madimbwini ni kazi bure. Jike hutaga mayai nchi kavu, mahali penye unyevu, na watoto huanguliwa wakiwa vyura kamili bila kupitia hatua ya kiluwiluwi. Uhai wake hutegemea kivuli cha miti ya asili na ardhi isiyokauka.

Hapo ndipo penye hatari. Kutokana na ukataji miti kwa ajili ya mashamba, misitu ya Taita imebaki vipande vilivyotengana, kama Ngangao, Mbololo na Chawia. Mahali pengine miti ya asili imepisha mikaratusi na misonobari. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira umemworodhesha chura huyu miongoni mwa viumbe waliomo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Anayedhani amemwona na amwache alipo. Picha ya mgongo, ya uso kwa ubavu na ya vidole, pamoja na jina la msitu, humsaidia mtaalamu kuthibitisha. Gogo lililoinuliwa lirudishwe taratibu lilivyokuwa, kwa kuwa chini yake huenda kuna mayai.